Kiduha Kilichodanganywa

Gugu liitwalo kiduha lina maua mazuri ya zambarau, na mgeni anayepita kando ya shamba magharibi mwa Kenya anaweza kudhani yamepandwa kwa ajili ya pambo. Mwenye shamba anajua vingine. Mahindi yake yamedumaa, majani yamegeuka manjano na kunyauka kana kwamba yana kiu, ilhali udongo una unyevu. Huko chini, kiduha kimejipachika kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula. Kinapochomoza juu ya ardhi, hasara kubwa imekwisha kutokea. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu laini kama vumbi, nazo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 bila kuoza.

Jembe peke yake haliwezi kukimaliza kiduha.

Katika miaka ya 1990, kwenye kituo cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, Profesa Zeyaur Khan na wenzake wa taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe walikuwa wakimwinda adui mwingine: bungua, funza anayetoboa mabua ya mahindi na mtama. Wakishirikiana na wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, walibuni mfumo unaoitwa vuta sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaowafukuza nondo wa bungua. Kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo, ambayo Wakenya huyaita nepia, ili yawavute nondo hao wakatage huko. Funza wakijaribu kutoboa shina la mabingobingo hukutana na utomvu unaonata, na wengi wao hufa kabla ya kukomaa.

Kisha likatokea ambalo halikutarajiwa: palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilipungua sana. Mbegu ya kiduha husubiri ishara. Haioti mpaka ipate kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya mmea unaoweza kuilisha. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu hiyo, pamoja na nyingine zinazozuia kimzizi chake kushika mizizi ya mahindi. Kiduha huota, hukosa pa kunyonya, kikafa humo humo ardhini. Hapa ndipo penye uzito wa ugunduzi huu, kwa sababu akiba ya mbegu iliyorundikana kwa miaka mingi hupungua msimu hadi msimu.

Faida haziishii hapo. Desmodiamu hurutubisha udongo kwa naitrojeni kutoka hewani, hutambaa na kufunika ardhi isikauke upesi, na hupunguza mmomonyoko. Ikikatwa pamoja na mabingobingo, ng'ombe na mbuzi hupata malisho. Kwa maeneo makavu, watafiti walichagua desmodiamu inayovumilia ukame zaidi, na nyasi za brakiaria zikachukua nafasi ya mabingobingo. Viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika Mashariki, mfumo huo ukapimwa dhidi yao katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa idadi ya viwavi kwa kila mmea ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na mahindi yaliyopandwa peke yake.

Kwa nini basi mfumo huu hauonekani kila shamba? Mbegu za desmodiamu ni ghali na si kila duka la pembejeo linaziuza, ingawa vipande vya shina lake pia huota vikipandwa. Msimu wa kwanza una kazi nyingi: desmodiamu hukua polepole, na mkulima lazima apalilie kwa makini asije akaikata akidhani ni gugu. Mifugo inayoachiwa baada ya mavuno inaweza kuimaliza.

Kikwazo kigumu zaidi kinahusu ardhi yenyewe. Desmodiamu na mabingobingo hudumu miaka, na faida yake huongezeka kadiri vinavyokaa. Mama anayekodi shamba kwa msimu mmoja anaweza kugharimia mbegu na palizi, kisha mwenye ardhi akaja kuchukua shamba lake udongo ukiwa ndio kwanza unaanza kupona. Mpango wowote wa kusambaza mbegu hizi hauna budi kumfikiria na yeye, kwa kumsaidia kupata mkataba wa kukodi wa miaka kadhaa.