SIMU NDANI YA KOMPYUTA: Mahali pa Kupimia Programu Kabla ya Kuziamini

Mgeni husimamishwa mlangoni kabla ya kukaribishwa ndani. Hiyo ndiyo desturi ya kila lindo, na ndiyo desturi ya kila nyumba yenye busara. Lakini tangu simu za mkononi zienee katika kambi na mitaa, familia nyingi zimezoea kuwapokea wageni wasiojulikana bila hata kuwauliza watokako. Leo jirani huleta programu ya michezo, kesho rafiki hurusha programu ya kuongeza ukali wa picha, keshokutwa mtoto huleta nyingine aliyoipata shuleni. Zote huingia katika simu ile ile yenye namba za ndugu, picha za nyumbani, fedha za matumizi, na pengine mazungumzo na mzee wa nyumba aliye kazini mbali.

Kwa familia ya askari jambo hili si dogo. Askari wa Uganda walipoingia Somalia mwezi wa Machi 2007, na wenzao wa Burundi kuwafuata mwezi wa Desemba mwaka huo huo, wake na watoto waliobaki nyuma walitegemea simu kupata salamu na fedha. Chombo kinachounganisha nyumba na mahali pa kazi kwa namna hiyo chaweza pia kumweleza asiyehusika mahali penyewe palipo.

HABARI MBILI ZA KUZINGATIWA

Mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Strava ya Marekani, yenye programu ya kuhesabu mbio na matembezi ya watu wafanyao mazoezi, ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia zote walizopita watumiaji wake. Majina ya watu hayakuwekwa, na nia haikuwa mbaya. Mwezi wa Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aligundua kwamba katika nchi kama Afghanistan na Syria, ambako raia wachache walitumia programu hiyo, mistari iliyong'aa gizani ilikuwa ni njia za askari waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao. Ramani ilikuwa imechora mipaka ya kambi na barabara za ndani. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwakataza watumishi wake kutumia huduma za kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni.

Habari ya pili ni ya tochi. Mwezi wa Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilimshitaki mtengenezaji wa programu ya tochi iliyokuwa imechukuliwa na makumi ya mamilioni ya watu. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuwasha taa ya simu tu. Lakini tume ilisema kwamba ilikuwa pia ikipeleka mahali alipo mwenye simu kwa makampuni ya matangazo, na kwamba kile kitufe cha kukataa hakikuzuia lolote, kwani habari zilianza kupelekwa kabla mtu hajajibu. Basi swali la kujiuliza ni hili: yawezekanaje kuifahamu tabia ya programu kabla haijaingia katika simu ya nyumbani?

NYUMBA NDANI YA NYUMBA

Njia mojawapo, isiyohitaji kununua simu ya pili, ni kuiendesha simu ndani ya kompyuta ya mezani. Hapa haisemwi simu ya kushikwa mkononi, bali mfumo endeshi wake, yaani ule msimamizi mkuu anayeongoza kazi zote za chombo. Mfumo huo huwekwa ndani ya kile kiitwacho mashine pepe: kompyuta isiyo na chuma wala waya, iliyoundwa kwa programu tupu, nayo hukaa ndani ya kompyuta halisi kama chumba ndani ya nyumba.

Fikra hii si ya jana. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa na mashine moja kubwa ya gharama nyingi na watu wengi waliotaka kuitumia. Wakatunga mfumo ulioigawa mashine hiyo hata kila mtumiaji akajiona ana kompyuta nzima ya peke yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ikautangaza kwa wateja mfumo wa VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo msimamizi wa mashine pepe hana budi kuyatimiza: mgeni aone mazingira yale yale ambayo angeyaona katika mashine halisi, kazi yake nyingi ifanyike bila kucheleweshwa, na msimamizi ashike mamlaka juu ya mali yote ya mashine.

Kompyuta ndogo za mezani zilichelewa kupata uwezo huo. Kampuni ya VMware ilileta programu yake ya kwanza mwaka 1999. Mwaka 2005 Intel, na mwaka 2006 AMD, waliingiza ndani ya vichakataji vyao amri maalumu za kusaidia mashine pepe. Mwaka 2007 ilitoka VirtualBox, iliyotungwa na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ambayo leo imo mikononi mwa Oracle na hupatikana bila malipo kwa matumizi ya nyumbani.

Ama kwa upande wa simu, mfumo unaofaa kwa kazi hii ni Android, uliotoka mwaka 2008. Msingi wake ni Linux, na sehemu kubwa ya maandishi yake iko wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadili. Mfumo wa simu za Apple hauruhusiwi kuwekwa hivi katika kompyuta ya kawaida, kwa hiyo hautajwi zaidi hapa.

LUGHA MBILI ZA VICHAKATAJI

Yafaa ieleweke kwamba karibu simu zote zina kichakataji cha ukoo wa ARM, hali kompyuta nyingi za mezani zina kichakataji cha ukoo wa x86 uliotokana na Intel. Hizo ni lugha mbili mbalimbali, na amri iliyoandikwa kwa moja haisikiki kwa nyingine. Ndiyo maana mwaka 2009 ulianzishwa mradi wa Android-x86, ambao kazi yake ilikuwa kuihamishia Android katika lugha ya kompyuta za mezani. Toleo lake la 9 lilitoka mwaka 2020. Ni toleo jepesi lifaalo kwa mashine za zamani, ila halipati tena marekebisho ya usalama, hivyo litumike kwa majaribio tu. Mwenye kompyuta yenye nguvu zaidi aweza kutumia Bliss OS, uliojengwa juu ya kazi hiyo hiyo.

Programu nyingi zitafanya kazi bila shida, kwa kuwa Android yenyewe huzitafsiri ziendapo. Nyingine, hasa michezo mizito, zina vipande vilivyoandikwa kwa lugha ya ARM pekee, nazo zitakataa kufunguka au zitazimika ghafula. Si kosa la mtumiaji.

NAMNA YA KUANDAA

Kompyuta iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwa uchache, na 8 ni bora, pamoja na nafasi tupu ya gigabaiti 16 katika diski. Kwanza, kompyuta iwashwe na kuingia katika mipangilio yake ya awali, ile ionekanayo kabla mfumo haujaanza, na msaada wa mashine pepe ufunguliwe kama umefungwa. Watu wengi hukwama hapa, wakadhani mashine yao haifai.

Pili, VirtualBox ichukuliwe kutoka kwa wenyewe, na faili la Android-x86 lichukuliwe kwa wenye mradi, si kwa mtu wa kati. Tatu, iundwe mashine mpya ya aina ya Linux ya biti 64, ipewe kumbukumbu ya gigabaiti 2, vichakataji viwili, na diski ya gigabaiti 8 au zaidi. Katika kidhibiti cha picha uchaguliwe mtindo wa VBoxSVGA, kwani mitindo mingine mara nyingi huleta kioo cheusi.

Nne, mashine iwashwe kwa faili lile, ichaguliwe njia ya kusimika katika diski, na sehemu ya diski ipangwe kwa muundo wa ext4. Onyo lisemalo kwamba yaliyomo yatafutwa lisimtie mtu hofu, maana diski inayofutwa ni ile pepe, si ya kompyuta yenyewe. Kazi ikiisha, faili la kusimikia liondolewe, la sivyo mashine itaanza upya kutoka mwanzo kila iwashwapo. Mshale wa kipanya ukipotea, upatanishi wa kipanya uzimwe katika orodha ya VirtualBox. Na ili kuutoa mshale nje ya simu pepe, ibonyezwe Ctrl ya kulia.

Tano, na hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote: kabla ya kuweka chochote ndani, ichukuliwe picha ya hali ya mashine. VirtualBox huihifadhi hali hiyo, na baada ya kila jaribio mtu huirudisha mashine ilivyokuwa, kama aliyefuta ubao kwa somo jipya.

NAMNA YA KUMHOJI MGENI

Programu ikishasimikwa, isikubaliwe ombi lolote kwa haraka. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, Android huwezesha kutoa au kunyima kila ruhusa peke yake. Mtu aende kwenye Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, asome orodha. Kikokotoo kina haja gani ya kipaza sauti? Mchezo wa mtoto wa miaka saba una shughuli gani na majina ya watu waliohifadhiwa? Anyime yote, kisha aifungue. Programu ya tochi inayogoma kufunguka mpaka ijue mahali imekwisha kujieleza yenyewe.

Katika simu pepe usiwekwe jina halisi, wala picha ya mtu mwenye sare, wala akaunti itumiwayo katika simu ya kweli. Katika mipangilio ya VirtualBox, mtandao uachwe katika mtindo wa NAT, ili simu pepe isionekane kama jirani wa vyombo vingine vya nyumbani. Kuchangia mafaili na kunakili maandishi baina ya kompyuta na simu pepe kuzimwe.

MIPAKA YA NJIA HII

Haifai kuidhania njia hii kuwa ngome isiyopenyeka. Mwaka 2015 liligunduliwa kosa lililopewa jina la VENOM katika kipande cha programu kinachoiga kiendeshi cha diski laini za zamani, ambazo hazikuwa na mtumiaji tena. Kwa tundu hilo, mgeni aliye ndani ya mashine pepe angeweza kuvunja na kutoka nje. VirtualBox ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa, na ilirekebishwa. Fundisho ni kwamba VirtualBox nayo husasishwa daima, na kompyuta ya ofisi yenye majalada ya kazi haitumiwi kamwe kwa majaribio haya.

Pili, programu yenye hila yaweza kutambua kwamba imo ndani ya mashine pepe, ikatulia kama mwizi aliyeona taa. Kwa hiyo inayoonyesha ubaya ikataliwe, lakini isiyouonyesha isihesabiwe kuwa safi kwa sababu hiyo tu. Tatu, simu pepe haina laini. Haipokei ujumbe wa namba za siri, na programu nyingi za benki huikataa zikishaitambua. Hata pale zinapokubali, fedha za nyumba zisipelekwe huko. Nne, simu pepe haina chombo cha kupokea setilaiti, lakini anwani ya mtandao yaweza bado kudokeza mji iliko kompyuta.

Tena vyombo vya namna hii huja na kuondoka. Microsoft ilileta mwaka 2021 huduma ya kuendesha programu za Android ndani ya Windows 11, na wengi wakaizoea, lakini iliisha tarehe 5 Machi 2025. Asiyeweka tegemeo lake lote kwa chombo kimoja hapati hasara.

FAIDA KWA KIJANA WA NYUMBANI

Simu pepe ina faida nyingine isiyo ya ulinzi. Kijana anayetaka kujifunza kutunga programu hana haja ya kuingoja simu ya baba irudi likizo. Android Studio, chombo cha utungaji kitolewacho na Google bila malipo, huja na simu pepe yake, ingawa huhitaji kompyuta yenye kumbukumbu kubwa. Kwenye kompyuta hafifu, Android-x86 yatosha kujaribia kazi ndogo. Akikosea, simu ya familia haidhuriki. Akitaka kujua kwa nini programu fulani ilizimika, aweza kurudia jaribio mara ishirini bila kumkosesha mama yake simu ya kupokea habari.

Kinachobaki ni makubaliano ya nyumbani, nayo hayahitaji utaalamu. Simu yenye fedha na namba za wazazi isipokee programu iliyorushwa kutoka simu nyingine. Mtoto akileta mpya, isikataliwe kwa ukali wala isikubaliwe kwa uvivu. Iwekwe kwanza katika simu pepe, na mtoto mwenyewe asome kwa sauti ruhusa inazoomba, mzazi akisikiliza. Mtoto aliyezoea kuiuliza programu ya tochi kwa nini inataka kujua mahali, siku moja atauliza swali hilo hilo kabla ya kutuma picha iliyopigwa mbele ya lango la kambi. Na baba aliye mbali, akipiga simu usiku kuuliza hali ya nyumbani, atakuwa anazungumza katika chombo ambacho wenyewe wanajua ni nani wengine wamo ndani yake.