Mafunzo na Uthibitisho wa Umahiri wa Wakusanyaji wa Sampuli za Upimaji wa Dawa za Kulevya Kazini: Uchambuzi wa Kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kanuni za shirikisho nchini Marekani zinavyowaandaa watu wanaokusanya sampuli za mkojo za wafanyakazi wa uchukuzi kwa ajili ya upimaji wa dawa za kulevya. Chanzo kikuu ni Sehemu ya 40 ya Kichwa cha 49 cha Mkusanyo wa Kanuni za Shirikisho. Uchambuzi unabainisha kuwa kanuni hizo hazimpi mkusanyaji leseni wala cheti cha serikali, bali zinamdai umahiri ulioshuhudiwa kwa vitendo. Hata hivyo, kanuni hizohizo zinaeleza kuwa kipimo hakibatilishwi kwa sababu tu aliyekusanya sampuli hakutimiza sharti la mafunzo. Makala yanajadili mantiki ya msimamo huo, yanaonesha mahali unapomwacha mfanyakazi bila kinga, na yanapendekeza njia ya kuziba pengo hilo bila kudhoofisha usalama wa umma.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu upimaji wa dawa za kulevya kazini huelekezwa zaidi katika maabara: mashine gani zilitumika, viwango gani vilizingatiwa, na matokeo yalihakikiwa na nani. Mtu anayekutana na mfanyakazi ana kwa ana, akampa kikombe na kukipokea kikiwa na sampuli, hutajwa kwa uchache. Lakini maabara hupima kile tu ilicholetewa. Endapo chupa imewekewa namba ya mtu mwingine, mashine bora kuliko zote itatoa jibu sahihi kuhusu mkojo usiokuwa wa mtuhumiwa. Kwa hiyo, swali la nani anaruhusiwa kukusanya sampuli, na kwa maandalizi gani, linagusa uhalali wa mfumo mzima.

Makala haya yanajibu maswali mawili. Kwanza, kanuni zinataka mkusanyaji awe amefundishwa nini na athibitishwe vipi? Pili, nini hutokea pale ambapo sharti hilo halikutimizwa?

2.0 Usuli

Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitoa Amri ya Utendaji namba 12564 iliyolenga kuondoa matumizi ya dawa za kulevya katika sehemu za kazi za serikali ya shirikisho. Tarehe 4 Januari 1987, treni ya abiria iligongana na vichwa vya treni ya mizigo huko Chase, Maryland, na watu 16 wakapoteza maisha. Ilibainika kuwa wahudumu wa vichwa hivyo vya treni walikuwa wametumia bangi. Ajali hiyo iliongeza shinikizo la kuwapima wafanyakazi wanaobeba dhamana ya maisha ya wengine.

Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Skinner dhidi ya chama cha viongozi wa wafanyakazi wa reli, ilikubali upimaji huo. Pamoja na hayo, ilitamka kuwa kuchukua mkojo wa mtu kwa uchunguzi ni upekuzi kwa maana ya Marekebisho ya Nne ya Katiba. Tamko hilo lina uzito katika mada hii: mkusanyaji wa sampuli, hata anapokuwa mwajiriwa wa kliniki binafsi, anatekeleza kitendo ambacho sheria inakihesabu kuwa upekuzi wa mwili. Sheria ya Bunge ya mwaka 1991 ilipanua upimaji katika sekta za uchukuzi. Baadaye, marekebisho makubwa ya Sehemu ya 40, yaliyochapishwa Desemba 2000 na kuanza kutumika kwa sehemu kubwa Agosti 2001, yaliweka masharti ya kina ya mafunzo ya wakusanyaji.

3.0 Cheti, Umahiri na Ithibati

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, dhana hizi tatu hukaribiana, lakini uchambuzi wa kanuni unadai zitenganishwe. Cheti ni hati inayoonesha kuwa mtu alihudhuria au alifaulu jambo fulani. Umahiri ni uwezo wenyewe wa kutenda. Ithibati ni tamko la mamlaka kwamba mtu au taasisi inastahili kuaminiwa.

Maabara zinazopima sampuli hizi zina ithibati: ni lazima zithibitishwe na Wizara ya Afya na Huduma za Binadamu ya Marekani. Wakusanyaji hawana mfano wa ithibati hiyo. Hakuna daftari la shirikisho linaloorodhesha wakusanyaji wote, wala mtihani mmoja wa kitaifa. Vyuo, kampuni na vyama vya kitaaluma hutoa vyeti, lakini vyeti hivyo ni hati binafsi. Kinachotakiwa na kanuni ni ushahidi kwamba masharti ya mafunzo yametimizwa, bila kujali rangi ya karatasi au mhuri uliogongwa juu yake.

4.0 Majukumu ya Mkusanyaji

Ili kuelewa kwa nini mafunzo yamepangwa kama yalivyo, ni vema kueleza kazi yenyewe. Mkusanyaji hutia rangi ya buluu katika maji ya choo ili yasiweze kutumika kuongezea sampuli. Humtaka mfanyakazi aache nje koti na mkoba, atoe vilivyomo mifukoni na anawe mikono. Baada ya kupokea kikombe, ana dakika 4 za kusoma joto la sampuli, ambalo linapaswa kuwa kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Kiasi kinachohitajika ni angalau mililita 45. Kati ya hizo, mililita 30 humiminwa katika chupa ya kwanza na 15 katika chupa ya pili, mfanyakazi akishuhudia. Chupa hufungwa kwa lakiri, tarehe huandikwa, na mfanyakazi huweka juu yake herufi za mwanzo za majina yake. Fomu ya makabidhiano hujazwa na kutiwa saini.

Mfanyakazi anaposhindwa kutoa kiasi cha kutosha, mkusanyaji humhimiza anywe maji kwa kiwango kisichozidi takribani lita 1.2, na kumpa muda usiozidi saa 3. Endapo joto la sampuli limetoka nje ya kiwango, sampuli nyingine hukusanywa papo hapo mfanyakazi akiangaliwa moja kwa moja na mtu wa jinsia yake. Katika yote haya hakuna hatua inayohitaji elimu ya juu. Zinazohitajika ni utaratibu, utulivu na uaminifu, hasa pale mambo yanapokwenda mrama.

5.0 Muundo wa Mafunzo

Kifungu cha 40.33 kinagawa maandalizi ya mkusanyaji wa mkojo katika hatua tatu za awali. Ya kwanza ni kuzifahamu kanuni na miongozo ya Wizara. Ya pili ni mafunzo ya kustahili, yanayohusu hatua zote za ukusanyaji, hali za matatizo, makosa yanayobatilisha kipimo na namna ya kuyarekebisha, pamoja na wajibu wa kulinda faragha ya mfanyakazi na usalama wa sampuli. Ya tatu ni kudhihirisha umahiri kwa kukusanya sampuli za majaribio mara 5 mfululizo bila kosa.

Majaribio hayo 5 yamechaguliwa kwa makini. Mawili ni ya kawaida, yasiyo na tatizo. Moja linahusu kiasi kisichotosha, jingine joto lililo nje ya kiwango, na la mwisho mfanyakazi anayekataa kutia saini fomu na kuweka herufi zake kwenye lakiri. Hivyo basi, zaidi ya nusu ya majaribio yanamtahini mkusanyaji katika hali za mvutano. Msimamizi lazima ayashuhudie na kuthibitisha kwa maandishi kuwa hayakuwa na kosa. Msimamizi mwenyewe awe amekusanya sampuli mara kwa mara kwa angalau mwaka 1, au amefundisha wakusanyaji kwa mwaka 1, au amehitimu kozi ya wakufunzi.

Mafunzo rejea hufanyika angalau kila baada ya miaka 5. Aidha, mkusanyaji akifanya kosa lililosababisha kipimo kubatilishwa, anapaswa kupata mafunzo ya kurekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu alipoarifiwa. Hapo hufanya majaribio 3 mfululizo bila kosa: moja la kawaida na mawili yanayohusu eneo alilokosea. Kanuni iliyoanza kutumika Juni 2023, iliyofungua njia ya kutumia mate badala ya mkojo, inaendeleza mtazamo huohuo, kwani inamtaka mkusanyaji afundishwe kwa kila kifaa atakachokitumia.

Kwa upande wa ufundishaji, muundo huu una nguvu. Haumuulizi mkusanyaji anajua nini tu. Unamtaka atende mbele ya shahidi. Pia unalihesabu kosa kuwa sababu ya kujifunza upya mahali mahususi lilipotokea.

6.0 Makosa Yanayoonekana na Yasiyoonekana

Udhaifu unajitokeza tunapouliza ni kosa gani huanzisha mafunzo ya kurekebisha. Jibu ni lile lililobatilisha kipimo. Makosa ya aina hiyo kwa kawaida huacha alama: namba ya chupa isiyolingana na ya fomu, lakiri iliyovunjika, au fomu isiyo na jina wala saini ya mkusanyaji. Maabara huyaona kwa sababu yanasafiri pamoja na sampuli.

Yapo makosa mengine yanayobaki katika chumba cha ukusanyaji. Mfano mmoja ni maelezo yasiyoeleweka. Mfanyakazi aliyeshindwa kutoa mkojo wa kutosha akiondoka kabla ya utaratibu kukamilika huhesabiwa kuwa amekataa kupimwa, na kukataa kuna athari sawa na kukutwa na dawa za kulevya: huondolewa mara moja katika kazi zinazogusa usalama. Kwa madereva wa magari makubwa, taarifa hiyo huingizwa katika hifadhidata ya shirikisho iliyoanza kutumika Januari 2020 na hukaa humo angalau miaka 5. Kanuni zinamtaka mkusanyaji amweleze mfanyakazi saa ambayo muda wa kusubiri unaanza na saa unayokwisha. Lakini maelezo hayo yasipotolewa vizuri, fomu itaonesha tu kuwa mtu aliondoka.

Suala hili ni zito zaidi kwa wafanyakazi ambao Kiingereza si lugha yao, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili. Fomu ya lugha nyingine inaruhusiwa ikiwa imeidhinishwa na Wizara, na iwapo mkusanyaji na mfanyakazi wote wawili wanaielewa lugha hiyo. Pasipo hilo, uelewa wa mfanyakazi unategemea ustadi wa mkusanyaji wa kueleza kwa maneno mepesi, na hakuna hata moja kati ya majaribio 5 lililotengwa kupima ustadi huo.

7.0 Mjadala: Kipimo Kilichokusanywa na Asiyefunzwa

Kifungu cha 40.209 kinaorodhesha kasoro ambazo hazibatilishi kipimo. Miongoni mwake, sambamba na kukosea herufi ya jina la kati, imo hali ya sampuli kukusanywa na mtu aliyepaswa kufunzwa ambaye hakutimiza sharti hilo. Mwajiri anaweza kuchukuliwa hatua na Wizara, lakini matokeo yanabaki palepale.

Msimamo huu una hoja inayostahili kuheshimiwa. Ikiwa hatua zote zilifuatwa na chupa ziko salama, ukosefu wa mafunzo haubadilishi kilichomo katika mkojo. Kumrudisha barabarani dereva aliyetumia kokeini kwa sababu muda wa mafunzo rejea wa mkusanyaji ulipita kwa wiki moja kungekuwa hatari kwa umma.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba ikiwa kosa lilifanyika, litaonekana kwa njia nyingine. Sehemu ya 6.0 imeonesha kuwa si lazima iwe hivyo. Vilevile, kinga ya chupa ya pili, ambayo mfanyakazi anaweza kuomba ipimwe ndani ya saa 72 baada ya kuarifiwa na daktari mhakiki, inamkinga zaidi dhidi ya kosa la maabara. Haiwezi kumkinga ipasavyo dhidi ya kosa la ukusanyaji, kwa kuwa mkono uleule ndio uliojaza chupa zote mbili kutoka kikombe kimoja.

Zaidi ya hayo, mfanyakazi hana njia rahisi ya kujua. Mkusanyaji anawajibika kuonesha kumbukumbu za mafunzo yake kwa wawakilishi wa Wizara, na kwa waajiri na mawakala wanaotumia huduma yake. Mfanyakazi akiomba, anaoneshwa kitambulisho chenye jina la mkusanyaji na la mwajiri wake tu. Kwa maneno mengine, anayepekuliwa ndiye pekee asiye na haki ya kuuliza kama mpekuzi amefunzwa.

Makala haya hayapendekezi kila kipimo cha namna hiyo kibatilishwe. Yanapendekeza mambo matatu. Mosi, fomu ya makabidhiano iwe na nafasi ya tarehe ambayo mkusanyaji alitimiza masharti ya mafunzo mara ya mwisho, ili ukosefu wake uonekane kama inavyoonekana saini iliyokosekana. Pili, mfanyakazi aruhusiwe kuona uthibitisho huo kabla ya kuanza. Tatu, mafunzo ya kurekebisha kosa yaanzishwe pia pale inapobainika kuwa mkusanyaji hakutoa maelezo yanayotakiwa, hata kama kipimo hakikubatilishwa, na jaribio moja lihusu mfanyakazi asiyeelewa maelekezo.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kuwa kanuni za Marekani zimeweka umahiri mbele ya cheti, na kwamba uamuzi huo ni wa busara. Mkusanyaji anapimwa kwa kazi aliyoifanya mbele ya shahidi, na hupimwa zaidi katika hali ngumu. Tatizo ni kwamba sharti lililoelezwa kwa kina katika kifungu cha 40.33 linapoteza sehemu ya nguvu yake katika kifungu cha 40.209, ambapo kukosekana kwake hakumsaidii mfanyakazi aliyeathirika. Usalama wa abiria na haki ya mfanyakazi havipingani katika jambo hili, kwani vyote vinategemea sampuli iliyokusanywa na mtu anayejua anachokifanya. Tarehe moja katika fomu ingetosha kuanza kuliweka wazi jambo ambalo sasa linajulikana kwa wote wanaohusika isipokuwa mwenye sampuli.