Je, Wajua? Aliyepona Mmoja, Cheti Kimoja
Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambao miji ya Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa miongoni mwa vitovu vyake, waliopona walipewa vyeti walipotoka katika vituo vya matibabu. Uhusiano kama huo wa mmoja kwa mmoja, yaani mgonjwa mmoja na cheti kimoja, huwekwa katika Hibernate, kiunzi cha Java kinachooanisha vitu vya programu na majedwali ya hifadhidata, kwa ufunguo wa kigeni, yaani safu ya jedwali la vyeti inayobeba namba ya mgonjwa. Ufunguo huo peke yake hautoshi, kwani pasipo sharti la upekee hifadhidata itapokea vyeti viwili vya mgonjwa mmoja bila kunung'unika. Imara zaidi ni cheti kuifanya namba ileile ya mgonjwa kuwa ufunguo wake wa msingi, yaani kitambulisho kisichoweza kurudiwa katika jedwali.