Hadithi na Makuzi ya Mtu (Sehemu ya Nne): Mkwaju, Tunu na Yule Anayesitasita

Siku ya Redio Duniani, tarehe 13 Februari, imepita, nami nimeisikiliza yote, tangu taarifa ya alfajiri hadi salamu za usiku. Yamesemwa mengi mazuri: mitambo mipya, masafa yanayofika vijijini, redio kuhamia kwenye simu, vijana kutangaza wakiwa vyumbani mwao. Nilichokuwa nakingoja sikukisikia. Katika stesheni zote nilizozungusha hakuna aliyetaja mchezo wa redio, kana kwamba chombo hiki kilianzishwa ili kitangaze matokeo ya mpira na bei za vifurushi. Kwa hiyo sehemu hii ya nne, niliyoahidi kwamba ingehusu ngano za sungura na fisi, naigeuza. Sungura tutamrudia.

Wasomaji waliofuatana nami tangu mwanzo wanakumbuka tulipofikia. Tuliona namna mtu anavyojifunza kwa kumtazama mwingine, na kwamba huvutwa zaidi na yule anayefanana naye kwa lugha, kwa sura, kwa nyumba anamoishi. Palibaki swali moja: ikiwa hadithi zinamlea mtu, ni mhusika gani hasa anayeifanya kazi hiyo? Wengi hujibu upesi kwamba ni shujaa. Nimekaa na swali hili zaidi ya miaka thelathini, na naamini jibu hilo si sahihi. Shujaa tunamshangilia, mwovu tunamzomea. Anayetulea ni wa katikati, yule anayelijua jema, akapiga hatua mbili kulifuata, akarudi moja.

Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Simplemente María. María ni msichana wa shamba anayekwenda jijini Lima kuwa mfanyakazi wa ndani. Anapewa mimba na kijana wa kitajiri, anaachwa, analea peke yake. Anajiandikisha darasa la usiku, anajifunza kusoma, kisha anajifunza kushona kwa cherehani ya Singer, na kwa cherehani hiyo anapanda ngazi hadi kuwa mbunifu wa mavazi. Waliotengeneza tamthilia hiyo walikusudia kuburudisha, basi. Lakini wafanyakazi wa ndani wakaanza kumiminika kwenye madarasa ya usiku, mauzo ya cherehani yakapanda, na siku María alipofungishwa ndoa na Esteban, mwalimu wake wa kisomo, watu wapatao 10,000 walifika kwenye kanisa ilikopigiwa picha harusi hiyo, wamebeba zawadi. Nimeisimulia habari hii katika madarasa mengi, na kila mara hutokea mtu akacheka: zawadi za harusi ya mtu asiyekuwepo! Sijawahi kuona cha kuchekesha. Wanawake wale walikuwa wamekaa na María darasani usiku baada ya usiku, wameshindwa herufi pamoja naye, wamelia pamoja naye. Wangeacha kwenda harusini kwake kwa sababu gani?

Aliyeyatazama hayo kwa jicho la fundi ni Miguel Sabido wa Mexico, mtu wa jukwaa la maigizo aliyekuwa akifanya kazi katika televisheni. Alijiuliza: kama hadithi iliyoandikwa bila nia imejaza madarasa, iliyoandikwa kwa nia itafanya nini? Akatunga kanuni yake. Kila hadithi iwe na wahusika wa makundi matatu: walio upande wa jema, walio upande wa baya, na wanaosuasua katikati. Mtazamaji awekwe kwa hao wa katikati. Wasibadilike kwa siku moja, na kila hatua wanayopiga iwe na gharama yake. Tamthilia yake Ven Conmigo, ya mwaka 1975 hadi 1976, ilihusu kisomo cha watu wazima. Ilipofika sehemu inayomwonyesha mzee aliyehitimu akilia kwa furaha kwa kuwa sasa anaweza kusoma barua za binti yake, watazamaji walielezwa mahali pa kuchukua vitabu vya kujifunzia. Kesho yake maelfu ya watu walifika hapo na magari ya jiji la Mexico yakakwama. Mwaka uliotangulia waliojiandikisha kwenye kisomo walikuwa kama 99,000. Mwaka wa tamthilia walikaribia 840,000.

Kanuni hiyo ilipita India, ikafika Kenya mwaka 1987: kwenye televisheni ikaitwa Tushauriane, na redioni Ushikwapo Shikamana. Miaka sita baadaye ikavuka mpaka kuja kwetu. Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Serikali ilikuwa imepitisha sera ya idadi ya watu mwaka uliotangulia, na Ukimwi ulikuwa unatumaliza tukiwa bado tunauita kwa majina ya kupitapita.

Nani amemsahau Mkwaju? Dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na mwanamke katika kila kituo cha barabara. Hata jina lilichaguliwa na mtu aliyeijua lugha: mkwaju ni mti wenye tunda chachu, na mkwaju huohuo ni fimbo. Mwishowe Mkwaju aliupata ugonjwa. Mitaani jina lake likawa neno. Mwanamume mwenye tabia zile aliitwa Mkwaju, naye alijua mara moja anaambiwa nini, bila mtu kumtukana na bila mtu kumhubiria. Hiyo ni kazi ambayo mabango ya afya hayakuiweza.

Lakini mchezo ule, kwa maoni yangu, haukuwa wa Mkwaju. Ulikuwa wa Tunu, mkewe. Tunu ndiye wa katikati. Alivumilia, akanyamaza, akasamehe, akajuta kusamehe. Alichukua muda mrefu kuondoka, na watunzi walikuwa na subira ya kumwacha achukue muda huo. Alipoondoka akaanzisha biashara yake ndogo akalea watoto.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Tunduma, mpakani, ambako foleni ya malori ndiyo saa ya mji. Jirani yangu alikuwa mke wa dereva wa safari za Zambia na Kongo. Hakuwa na betri mpya kila wiki, nani alikuwa nazo? Mchana alizianika juani juu ya ungo ili jioni zipate nguvu ya nusu saa. Kipindi kilipoanza aliiweka redio dirishani, sauti juu, na sisi wote wa uani tukasogeza vigoda. Mkwaju aliposema, yeye alikuwa kimya. Tunu aliposema, alijibu. Namaanisha alimjibu kwa sauti: “Usirudi, dada. Usirudi.” Tunu akarudi. Jirani yangu akaizima redio na hakuzungumza na mtu usiku ule. Kipindi kilichofuata aliiwasha tena. Ilipita miezi kadhaa, na asubuhi moja alinijia kuniuliza, kwa kuwa nilikuwa na ndugu Kyela, gunia la mchele linanunuliwa shilingi ngapi kule.

Sitasema mchele ule ulitokana na redio. Mtu hana mlango mmoja wa kuingilia mawazo. Nasema tu kwamba kabla ya Tunu hakuwahi kuuliza.

Wataalamu nao hawakuridhika na simulizi kama hizi, na walifanya vyema. Mtambo wa Dodoma ulipangwa usirushe mchezo huo mpaka mwaka 1995, urushe vipindi vyake vya kawaida, ili watafiti wakiongozwa na Everett Rogers walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo uliposikika. Dodoma ilipoanza kuusikia, nako yakapanda. Kwa miaka yote niliyosoma tafiti za mambo haya ni mara chache nimeona jambo lililopimwa kwa uwazi namna hiyo, na lilifanyika hapa kwetu, kwa Kiswahili, kwa waigizaji wetu. Nenda ukawaulize wanafunzi wa uandishi wa habari wangapi wanalijua.

Sasa nifike mahali ambapo kila nikifika moyo hunisinyaa. Julai 1993, mwezi uleule Twende na Wakati ilipoanza, redio nyingine ilifunguliwa ng’ambo ya Kagera. Ni RTLM ya Kigali. Watu hudhani redio ile ilianza kwa kufoka. La. Ilianza kwa muziki mzuri, kwa vichekesho, kwa watangazaji wanaoongea kama vijana wa baa na kumsalimu msikilizaji kwa jina. Ilikuwa na masimulizi, na masimulizi yalikuwa na wahusika. Ila ilikuwa na makundi mawili tu, wetu na wao, na hao wengine waliitwa mende. Wa katikati hakuwepo. Aliyesitasita alihesabiwa msaliti. Ilipofika Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, redio ile ilikuwa inasoma majina ya watu na mahali walipojificha. Hukumu ya wakuu wake wawili, pamoja na mwenye gazeti la Kangura, ilisomwa hapa Arusha Desemba 2003. Kila ninaposikia mtu akisema hadithi ni burudani tu, nataka nimpeleke akasome mashauri yale.

Mwaka 2004, miezi michache baada ya hukumu, Wanyarwanda walianza kusikia mchezo mpya wa redio, Musekeweya, jina lenye maana ya alfajiri mpya. Ni habari ya vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, na bonde lenye rutuba wanaloligombea. Unaanza ukame, zinafuata chuki, yanafuata mashambulizi, na katikati wapo vijana wawili wanaopendana, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Mchezo haukutaja makabila. Msikilizaji aliyajaza mwenyewe.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji wa mchezo huo kwa mwaka mmoja, akawalinganisha na wengine waliosikiliza mchezo wa afya. Alichokikuta kimenifundisha kuliko vitabu vingi. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani jirani yao anakitarajia kwao, na jinsi walivyotenda mbele ya wenzao. Mwishoni kila kikundi kilipewa zawadi: redio kubwa ya kaseti, kaseti za mchezo na betri. Walio kwenye mchezo wa afya kwa kawaida walimkabidhi kiongozi wa kijiji, wakaenda zao. Waliosikiliza Musekeweya walibaki wakibishana. Aitunze nani? Betri zikiisha nani atatoa hela? Mmoja akipendekeza, mwingine anapinga, wa tatu anarudisha hoja nyuma, hadi wakakubaliana kuitunza kwa pamoja. Katika nchi ambayo miaka kumi kabla watu walitii sauti ya redio hadi kuua, kubishana juu ya betri mbele ya kiongozi si jambo dogo. Hadithi haikuwaambia wapendane. Iliwazoesha kusikia watu wakisema “mimi naona vingine” na kesho yake wakiwa bado hai.

Nafasi inanibana na la leo sijaligusa. Watoto wetu leo wanalelewa na nani? Kuna tamthilia za Uturuki na Korea zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na kuna video za nusu dakika kwenye simu. Sina ugomvi na Waturuki wala Wakorea. María mwenyewe hakuwa wa kwetu, na huko nyuma vibanda umiza vya video vimewapa vijana wengi Kiswahili kitamu cha kutafsiri filamu. Tatizo langu liko kwenye ile nusu dakika. Ndani yake anaingia mshindi na mshindwa, basi. Tunu hawezi kuingia humo, kwa sababu Tunu alihitaji miezi. Kijana aliyekua bila kumwona mtu akisita na kurudi na kuanza upya, siku yeye mwenyewe atakaposita atajiona ameshashindwa. Naiona hali hii kwa vijana ninaozungumza nao, na inanitia hofu kuliko picha chafu zinazolalamikiwa kila siku.

Kwa hiyo nawaomba wenye stesheni, za umma na za watu binafsi: nusu saa, mara mbili kwa wiki, Kiswahili chetu, mtaa wetu. Waigizaji hawalipwi kama wanasoka. Mkorogo wa saruji kwenye karai ukitoa sauti ya miguu ya ng’ombe matopeni, umeokoa gharama ya kamera kumi. Mkikosa watunzi, watafuteni shuleni.

Nasema hivyo kwa ushahidi. Wajukuu wangu wawili na wenzao wa mtaani walinikuta nikiandika makala hii wakaniuliza Tunu ni nani. Nikawasimulia. Kesho yake wakaja na daftari: wanatunga mchezo wao. Mhusika ni kijana wa bodaboda aliyebebeshwa mfuko na abiria, abiria akashuka akausahau, na ndani mna pesa za msiba. Wameshagawana sauti, na mdogo kuliko wote ndiye pikipiki. Wamekwama kwenye sehemu ya pili. Wawili wanataka azirudishe usiku uleule. Mmoja anasema kwanza alipe deni la pikipiki, ndipo dhamiri imsumbue. Wamekaa barazani jioni nne sasa, na hadi ninapoandika mstari huu bado wanabishana.