Unataka Mkopo wa Nyumba? Anza na Lile Deni Dogo la Simu

Umepata nyumba Malindi na bei mmeelewana. Kazi yako ya hoteli Watamu inalipa vizuri na dipoziti unayo. Halafu afisa wa benki anakuuliza: "Hii elfu mbili na mia tano hukulipa?" Ulikopa kwenye simu watalii walipopungua, ukabadilisha laini, ukasahau. Rekodi haikusahau.

Rekodi hizo ziko CRB. Benki Kuu ya Kenya imetoa leseni kwa kampuni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Wakopeshaji huzipelekea habari za mikopo yako, mizuri na mibaya, na kutokana nazo unapata alama. Kwa Metropol, alama ni 200 hadi 900. Chini ya 400 inamaanisha kuna deni umeshindwa kulipa. Tangu 2020, deni lisilofika Sh1,000 haliwezi kukuweka kwenye orodha mbaya. Lakini elfu mbili na mia tano inatosha.

CRB haikatai mkopo. Benki ndiyo inaamua. Na benki inayotaka kukupa mamilioni ya kulipa kwa miaka 15 au 20 itaangalia ulivyolipa yale madogo.

Kwa hivyo, kabla hujapeleka fomu:

Omba ripoti yako. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kila CRB. Fanya hivyo miezi kadhaa mapema.

Lipa deni, weka ujumbe wa malipo. Mwambie mkopeshaji apeleke habari mpya CRB. Historia ya kushindwa kulipa hubaki miaka mitano baada ya kumaliza deni, ila "imelipwa" na "haijalipwa" ni tofauti kubwa mbele ya benki.

Ukiona kosa, lalamika. Andikia CRB na mkopeshaji, ukiambatanisha ushahidi.

Jipange na msimu. Aprili hadi Juni, hoteli nyingi za Pwani hupunguza kazi. Ukiona hutaweza kulipa, ongea na mkopeshaji kabla tarehe haijapita.

Na jihadhari: mtu akikupigia akidai "atakusafisha CRB" ukimtumia pesa, kata simu. Deni halali husafishwa kwa kulipwa tu. PIN yako usimpe mtu yeyote.

Haba na haba hujaza kibaba, hata kwa madeni. Angalia ripoti yako wiki hii.