Mgonjwa wa Akili Naye Aulizwe

Kila mtu pale Yeriko aliona kwamba Bartimayo ni kipofu. Hata hivyo, Injili ya Marko, sura ya 10, yatueleza kwamba Bwana wetu Yesu Kristo hakumponya kabla ya kumwuliza anataka afanyiwe nini. Umati ulikuwa umemkemea anyamaze. Yesu alimpa nafasi ya kusema.

Tumeikumbuka sehemu hiyo mara nyingi tunapoitwa katika nyumba zenye mgonjwa wa akili. Ndugu hutueleza yote: alianza lini, anameza dawa gani, nani anadhaniwa kumroga. Mgonjwa mwenyewe ameketi palepale, wala hakuna anayemwuliza lolote.

Siku moja tulimkuta kijana amefungwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya jiko. Mama yake hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, na mwanawe alikuwa amekwisha kupotea mara mbili. Tulisali pamoja nao, tukaondoka bila kutamka neno juu ya ile kamba, kwa sababu hatukujua sheria inasema nini. Twakiri kosa hilo, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Akili ni ya mwaka 1989. Kwa miaka mingi ilishughulika zaidi na namna ya kumlaza mgonjwa na kuisimamia mali yake kuliko kumsikiliza. Mwaka 2022 ilirekebishwa, na haki za mgonjwa zikaandikwa waziwazi. Iliyo kubwa, kwa maoni yetu, ni ridhaa. Mhudumu wa afya anapaswa kumweleza mgonjwa hali yake na matibabu yanayokusudiwa, kwa namna anayoielewa, kisha apate kibali chake. Mgonjwa ana haki ya kushiriki katika kupanga matibabu hayo na kuwa na mwakilishi. Kampuni ya bima haipaswi kumbagua kwa ajili ya ugonjwa wake. Habari zake ni siri, jambo linalotuhusu hata sisi wa jumuiya ndogondogo, tunaotaja majina na magonjwa ya watu katika nia za sala bila kuwauliza wenyewe.

Msomaji atauliza: na yule ambaye kwa saa hiyo hajitambui? Sheria imelifikiria hilo. Katika dharura, au mgonjwa anapoweza kujidhuru au kuwadhuru wengine, aweza kutibiwa au kulazwa bila ridhaa yake, kwa taratibu zilizowekwa. Lakini hali hiyo hupita. Aliyeshindwa kujiamulia Jumatatu huenda akaweza Ijumaa, naye aulizwe tena. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mtu akiugua mara moja huhesabiwa hana akili maisha yake yote: shamba lake huuzwa bila yeye kuambiwa, na katika vikao vya ukoo hakuna anayetaka neno lake.

Kamba je? Katiba ya mwaka 2010, katika vifungu vya 28 na 29, yalinda heshima ya kila mtu na kukataza kutendewa kikatili. Hata hospitalini, kumfungia au kumzuia mgonjwa kuna masharti yake, si adhabu. Kumfunga nyumbani, au katika kituo cha maombi hadi “apate kufunguliwa,” hakuna kibali. Kanisa huwaombea wagonjwa daima. Lakini Katekisimu, namba 1673, yatofautisha kupunga pepo na kutibu ugonjwa wa akili, ambao ni kazi ya tiba, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, hairuhusu mtu yeyote kumpunga aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya Askofu mahalia. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani hasemi kwa niaba ya Kanisa.

Kuna pia wale waliojaribu kujiua. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliwahesabu kuwa wahalifu, hata familia zikaogopa kuwapeleka hospitali wasije wakakamatwa. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Katekisimu nayo, namba 2282, hukiri kwamba mahangaiko makubwa ya nafsi hupunguza wajibu wa mtu juu ya tendo hilo. Basi maneno makali tunayoyasikia msibani hayatoki katika mafundisho yetu.

Anayeona haki za mgonjwa zinavunjwa aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya. Lakini mara nyingi jambo huanza karibu zaidi, kwa muuguzi wa zahanati.

Kwa yule kijana tulirudi baada ya majuma mawili, tukiwa na muuguzi. Safari hii tulimsalimu yeye kwanza, tukamwuliza anataka nini. Alinyamaza kitambo, akatazama mguu wake. Kisha akasema kwamba zile dawa za awali zilimlaza hadi adhuhuri, akapoteza kibarua chake, akaziacha. Mama yake alishangaa. Alikuwa akiamini ni ukaidi. Muuguzi aliandika maneno hayo katika daftari lake, akasema kuna dawa nyingine wanazoweza kujaribu, daktari akikubali. Mama akainama, akaifungua kamba.