Kamera Imetoka kwa Fundi, Picha Zina Ukungu

Harusi haina marudio. Bwana na bibi arusi wakishavishana pete, na wazee wakishatoa baraka zao, saa ile imepita. Picha iliyoharibika haipatikani tena kwa fedha wala kwa kuomba radhi. Ndiyo maana kamera iliyotoka kufunguliwa na fundi haifai kupelekwa moja kwa moja shughulini. Yapasa ipimwe kwanza nyumbani, kwa utulivu, na kazi hiyo haizidi saa moja.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wapiga picha wa sehemu kama Ruhwa, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Ruhwa imo katika bonde la Bugarama, kando ya mto wenye jina hilohilo unaotenganisha Rwanda na Burundi. Ni nchi ya joto na ya mashamba ya mpunga, na kiwanda cha saruji cha CIMERWA hakiko mbali. Joto, unyevu na vumbi ni maadui watatu wa kamera. Tena mafundi wa vyombo hivi hawapatikani kila mahali. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na njia ya kwenda Bujumbura kupitia Ruhwa ikakatika. Tangu hapo aliyetegemea fundi wa upande ule ilimbidi amtafute mwingine Kamembe, au asafiri hadi Kigali. Kamera ikirudi na kasoro, nauli hulipwa mara mbili.

Kwa nini fokasi hupotea

Kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na fokasi ya kujiendesha ilikuwa Konica C35 AF, ya mwaka 1977. Tangu wakati huo watu wengi wamezoea kubonyeza kitufe na kuiachia kamera kazi ya kulenga. Lakini mashine hii hulenga vema ikiwa tu viungo vyake vimekaa mahali pake.

Katika kamera ya dijiti yenye kioo, nuru iingiayo kwa lenzi hugawanyika. Sehemu kubwa hurushwa na kioo kwenda juu, kwenye tundu la kuchungulia. Sehemu ndogo hupenya kioo hicho, ikarushwa na kioo kingine kidogo kilicho nyuma yake hadi kwenye chombo kilichomo chini, sakafuni mwa kamera. Chombo hicho ndicho kipimacho fokasi na kuiamuru lenzi isogee. Lakini picha yenyewe haichukuliwi hapo. Huchukuliwa na kihisi cha nuru kilicho nyuma kabisa, vioo vikishainuka.

Basi safari hizo mbili za nuru hazina budi kulingana. Fundi akibadilisha shata, au akikitoa kihisi, kisha kioo kidogo au kihisi kikarudi kimehama kwa sehemu ndogo tu ya milimita, kamera itaamini kwamba imelenga machoni mwa bibi arusi, kumbe imelenga shada la maua lililo mbele yake, au pazia lililo nyuma. Kamera zisizo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo maradhi haya haziyapati. Kasoro zao aghalabu hutoka kwenye lenzi au kwenye mawasiliano yake na kamera.

Kabla ya kumlaumu fundi

Ndugu msomaji, anza na yaliyo mepesi. Tazama ubavuni mwa lenzi: swichi iwe kwenye herufi AF, si MF. Yawezekana iliguswa wakati wa matengenezo.

Pili, kama unachokiona katika tundu la kuchungulia kina ukungu lakini picha zikitazamwa kwenye skrini ni safi, kamera haina kosa. Kuna gurudumu dogo kando ya tundu hilo, la kulirekebisha kwa jicho la mtumiaji. Lizungushe mpaka alama zilizomo ndani zionekane wazi.

Tatu, zima kamera, toa lenzi, utazame vidoti vya madini vinavyopitisha umeme kati ya lenzi na kamera. Jasho la vidole na vumbi la saruji huzuia mawasiliano. Vipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie msasa wala petroli, na usikiguse kioo cha ndani hata kwa ncha ya kidole.

Nne, hakikisha lenzi inaafikiana na kamera. Nikon D40, iliyotoka mwaka 2006, na nyingine za jamii yake, hazina mota ya kuendesha fokasi ndani yake. Hutegemea mota iliyomo katika lenzi. Ukizifunga lenzi ya zamani isiyo na mota, fokasi haitajiendesha kamwe, na hakuna fundi wa kulaumiwa.

Jaribio la pakiti tatu

Hayo yote yakiwa sawa, chukua pakiti tatu zenye maandishi, kama zile za majani ya chai. Zisimamishe mezani kwenye mwanga mzuri wa mchana, zikiwa zimepishana ubavu kwa ubavu: moja katikati, moja sentimita 5 mbele yake, na ya tatu sentimita 5 nyuma. Ikiwa lenzi yako ni ile ya kawaida isiyofunguka sana, ziachanishe kwa sentimita 10. Weka kamera umbali wa mita moja na nusu hivi, juu ya stendi au juu ya mfuko wa mchele, ielekee pakiti bila kuinama.

Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, chagua nukta moja ya katikati ya kulengea, na uweke saa ya kujipigia ya sekunde 2 ili mkono usiitikise kamera. Lenga pakiti ya katikati. Piga picha 10 kwa tundu la kuchungulia, na kabla ya kila picha iharibu fokasi makusudi ili kamera itafute upya. Kisha piga nyingine 10 kwa kulenga kupitia skrini ya nyuma. Katika kamera nyingi njia hii ya pili hutumia kihisi chenyewe, na hapo ndipo ilipo faida ya jaribio.

Zikuze picha zote, uzisome.

Kama za skrini ni safi, lakini za tundu zote zimeangukia pakiti ya mbele, au zote ya nyuma, basi kioo kidogo au chombo cha kupimia fokasi hakikurudishwa sawasawa. Baadhi ya kamera zina mahali pa kusahihisha kwa namba, aghalabu kuanzia −20 hadi +20. Kosa likiwa dogo, namba itatosha. Likiwa kubwa, au likitokea mara tu baada ya kamera kufunguliwa, namba ni plasta juu ya mfupa uliovunjika. Mwenye kuutengeneza ni fundi.

Kama picha zatawanyika, hii mbele na ile nyuma bila mpango, shuku lenzi iliyolegea, vidoti vichafu, au mota iliyochoka.

Kama upande mmoja wa picha ni safi na wa pili una ukungu, badilisha lenzi. Ukungu ukihama, kosa ni la lenzi. Ukibaki palepale, yamkini kihisi kimefungwa kikiwa kimeinama.

Na kama lenzi haisogei kabisa, ingawa swichi iko sawa na lenzi ni ya aina yake, yawezekana utepe wa waya wa ndani haukusukumwa mpaka mwisho.

Kurudi kwa fundi

Usishike bisibisi. Skrubu zinazoshika kihisi na kioo huwekwa kwa vipimo visivyoonekana kwa macho, na ukizigusa utampa fundi sababu ya kukataa dhamana yake. Mpelekee kamera pamoja na lenzi uliyoitumia, na picha zako 20. Maneno ya kwamba haioni vizuri hayamsaidii. Picha zinazoonyesha kwamba kila mara hulenga mbele kwa sentimita 5 zitamwelekeza kwenye kiungo chenyewe.

Lililo bora zaidi ni kulifanya jaribio hili palepale dukani, kabla ya kumalizia malipo na kabla ya kupanda gari la kurudi. Pakiti tatu hazikosekani kwenye duka la jirani. Tena dai hati yenye tarehe, kiungo kilichobadilishwa, fedha zilizolipwa na muda wa dhamana, kwani wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi mwema hatachukizwa na hayo. Naye pia hupata hasara kazi yake inapomrudia, na jina lake huenda mbali kuliko tangazo lolote. Na kama siku ya harusi imefika nawe hujaipima kamera, azima nyingine, au lenga kwa mkono ukitazama skrini iliyokuzwa, na ile iliyotengenezwa iache ikingoje zamu yake.